Zlatina Hana Mbuzi

Kila asubuhi Zlatina alikwenda shule huku akiimba kitenzi. Si wimbo, kitenzi. Mkono mmoja alimshika mdogo wake Boyan, mkono wa pili ulipiga paja kama ngoma: "Tengo, tienes, tiene, tenemos!" Alipita mbele ya duka la mikate, akapita kisima cha mawe, akapita kanisa, na sauti haikukatika. Aliimba kwa bidii hivi kwamba korongo waliojenga kiota juu ya mnara wa kanisa la Fuentelobos waliacha kelele zao na kuanza kumwitikia. Anayebisha aje nimwonyeshe mnara, bado upo.

Kitenzi chenyewe ni kile cha kusema kwamba una kitu. Kiswahili kina huruma hapo: nina, una, ana, tuna; kinachobadilika ni kichwa tu, na kiwiliwili kinakaa palepale. Kihispania hakina huruma hata chembe. Leo neno ni tengo, ukigeuka limekuwa tienes, ukiliuliza la jana linakuja tenía, na kila mara tumbo lake limevimba au limenywea kama la mtu asiyejua saa za kula. Baya zaidi, huwezi kulikimbia. Kwa Kihispania njaa unakuwa nayo, baridi unakuwa nayo, hata miaka unakuwa nayo. Zlatina alikuwa na miaka kumi na mmoja, na hakuweza hata kuisema bila kupitia mlango huo.

Wazazi wake walitangulia kuja Hispania kutoka Bulgaria. Baba yake, Krasimir, aligema utomvu wa misonobari inayokizunguka kijiji chetu, na mama yake, Ivelina, alihudumia mkahawa wa uwanjani. Watoto walibaki kwa bibi yao hadi vuli iliyopita, ndipo wakaletwa. Boyan, kwa vile alikuwa na miaka saba na hana aibu, alijifunza Kihispania kwa kugombania mpira. Zlatina alikuwa na aibu ya kutosha watu wawili. Kwa hiyo alijifunza kwa kukariri.

Na alikariri vizuri! Darasani, mwalimu Begoña alipomwambia asimame, alikimwaga kitenzi chote bila kupumua. Tatizo lilianza pale mwalimu alipoacha kitenzi na kuanza kuzungumza.

"Zlatina, nyumbani kwenu kuna wanyama? Una paka? Una mbwa?"

Zlatina alisikia maneno yakipita kama treni isiyosimama kituoni. Moja tu ndilo alilolitambua: tienes, una. Akajibu lile linalolitangulia, nina.

"Tengo."

"Vizuri! Mnyama gani?"

"Tengo," akasema tena, akatabasamu.

"Umeelewa nilichouliza?"

Akatikisa kichwa kukubali, haraka, kama kuku anayedonoa mahindi. Kwa ndani alitamani sakafu ipasuke.

Watoto wana pua ya kunusa jambo kama hilo. Wakati wa mapumziko Nuño, mwana wa mwenye duka la mikate, alimsogelea akiwa na kundi lake nyuma.

"We Zlatina, una mkia?"

"Tengo."

Uwanja mzima ulilipuka kwa kicheko. Nuño aliinama nyuma yake kana kwamba anautafuta. "Mbona hauonekani? Umeukunja? Jamani, Bibi Tengo ana mkia!" Zlatina alicheka pamoja nao, maana hakujua kinachochekwa. Alipokuja kuelezwa na Boyan njiani kurudi nyumbani, aliuachia mkono wa mdogo wake, akaokota tunda kavu la msonobari, akalirusha ukutani kwa nguvu zake zote.

Jioni mama yake alimwuliza kwa Kibulgaria, "Una shida yoyote shuleni, mwanangu?"

"Sina, Mama."

Kwa lugha yake mwenyewe alijua vizuri kusema hana. Lakini hapo ndipo alipokuwa nayo.

Mwezi wa pili mwalimu Begoña aliingia mkahawani, akaagiza kahawa, na kabla haijapoa akamwambia Ivelina, "Binti yako anakariri kuliko padre. Lakini hazungumzi. Kabla ya Pasaka nitakaa naye tuongee, mimi na yeye, bila daftari. Akiweza, abaki na wenzake. Asipoweza, baada ya likizo itabidi akae na wadogo, ajenge lugha kwanza."

"Wadogo gani?" Ivelina akauliza.

"Wa darasa la Boyan."

Boyan, aliyekuwa chini ya meza akitafuta gololi, alitoka na kichwa chenye vumbi. "Tutakaa dawati moja!" akapiga kelele. "Nitakuazima penseli!"

Zlatina, aliyekaa kwenye kona na kitabu chake, alitafsiriwa habari hiyo na mama yake. Uso wake ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyokaushwa. Kukaa na watoto wanaong'oka meno, akiwa mrefu kuliko wote, huku Nuño akichungulia dirishani! Afadhali arudi Bulgaria kwa miguu.

Sasa niseme jinsi sisi tulivyoingia katika habari hii. Katika mkahawa huo tulikuwa na meza yetu ya karata, karibu na jiko la kuni, ambapo tulicheza mchezo uitwao mus kila alasiri tangu tulipostaafu. Tulikuwa wanne: mimi na mwenzangu Fermín, mchunga kondoo mstaafu mwenye sauti ya kuwaita kutoka mkoa wa jirani; Obdulia, mjane mwembamba asiyevumilia kushindwa; na Saturnino, mwenzake Obdulia katika mchezo. Mus huchezwa wawili kwa wawili. Majira hayo Saturnino alikwenda mjini kuwekewa goti jipya, na meza ikawa kama kitanda cha miguu mitatu. Tulimjaribu daktari wa mifugo, akawa anaitwa kila ng'ombe anapopiga chafya. Tulimjaribu padre, akashindwa ishara. Maana katika mus unaruhusiwa kumpa mwenzako ishara ya uso wapinzani wasipotazama: ukiwa na wafalme wawili unang'ata mdomo wa chini, ukiwa huna kitu kabisa unafumba macho. Padre akifumba macho, hatukujua kama hana karata au anasali.

Basi Obdulia akageuka, akamwona Zlatina kwenye kona na kitabu chake, akinong'ona tengo, tienes.

"We binti! Unajua karata?"

Zlatina aliona karata. Akatikisa kichwa kukubali, na safari hii ilikuwa kweli, kwa sababu bibi yake alikuwa amemfundisha michezo ya kwao tangu mdogo.

"Ivelina, naazima mtoto wako."

"Mnacheza fedha?" mama akauliza kutoka kaunta.

"Fedha tutoe wapi? Tunacheza maharagwe."

Na kweli tulihesabu ushindi kwa maharagwe meupe makubwa, yale ya kupikia na soseji. Fermín huwa anayala mabichi akikasirika.

Mtoto alikuwa na akili ya karata, hilo sitalificha. Ishara za uso alizishika papo hapo, maana uso hauna kitenzi. Tatizo likaja kwenye pea, yaani karata mbili za namba moja. Kabla ya kushindania pea, kila mchezaji huulizwa kama anayo, na anajibu kwa mdomo.

"Una pea?" Obdulia akaniuliza mimi.

"Ninayo."

"Wewe, Fermín?"

"Sina, na wala usinikumbushe."

"Wewe, binti? Una?"

"Tengo," akasema Zlatina, kifua mbele.

Obdulia macho yakang'aa. Yeye mwenyewe alikuwa na pea dhaifu ya nne na nne, lakini mwenzake anayo! Akasukuma maharagwe yote katikati ya meza. Mimi nikakubali. Tukafunua. Zlatina akaweka mezani mfalme, saba, tano na sita. Kila karata na mwenzake mbali, kama majirani waliogombana.

"Pea iko wapi?" Obdulia akauliza.

"Tengo."

"Iko wapi, nakuuliza!"

"Tengo?"

Obdulia alipiga meza hadi kikombe changu kikaruka, kikazunguka hewani, na kutua kimesimama. "Sikiliza, mtoto! Katika mchezo huu unaruhusiwa kujifanya tajiri, kujifanya maskini, kumtisha mtu kwa karata za kijinga. Fermín hapa ananidanganya tangu tukiwa vijana. Lakini ukiulizwa kama una pea, unasema kweli! Hapo tu! Hakuna aliyewahi kusema uongo hapo na akabaki mezani!"

Zlatina hakuelewa hata nusu, ila hasira haihitaji mkalimani. Alitupa karata, akachukua kitabu, akatoka nje bila koti.

Kesho yake Obdulia alimwita tena, kwa sababu mtu wa nne alikuwa bado hajapatikana. Tukacheza. "Una pea?" "Tengo." Hakuwa nayo. Tukagawa tena. "Una?" "Tengo." Hakuwa nayo.

"Huyu mtoto ni bepari," akasema Fermín akivuta maharagwe upande wetu. "Ana kila kitu."

Mimi nilicheka. Obdulia hakucheka. Aliweka karata zake chini, akamtazama Zlatina kwa muda, kama mtu anayetazama mfuko wa unga akijiuliza unavujia wapi.

"Binti, una njaa?"

"Tengo."

"Una baridi?" Na jiko lilikuwa linawaka karibu na mgongo wake, jasho linamtoka.

"Tengo."

"Una mbuzi?"

"Tengo."

Kule kaunta, glasi ikaanguka. Ivelina alitoka na kitambaa mkononi, akasimama mbele ya bintiye. "Zlatina," akasema kwa Kihispania, polepole, "sisi tuna mbuzi?"

Zlatina alimtazama mama yake, akamtazama Obdulia, akafungua kinywa. Tengo lilikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, limevaa viatu tayari kutoka. Badala yake akapasuka kilio, na baada ya kilio yakafuata maneno ya Kibulgaria, mengi, ya moto, huku akikipiga kitabu chake ngumi. Mama yake alitutafsiria alivyoweza.

"Anasema analikariri neno hili kila asubuhi mpaka ndege wamelijua. Anasema akishalishika mkia, linabadili kichwa. Akilishika kichwa, linabadili tumbo. Anasema watu hawaulizi jinsi lilivyoandikwa kitabuni, wanaliuliza likikimbia. Anasema…" Ivelina akakikunja kitambaa mkononi. "Anasema haelewi kitu darasani tangu vuli. Na amekuwa akisema anaelewa, kwa sababu wote wanaelewa."

Fermín alilirudisha mezani haragwe alilotaka kulitafuna.

Obdulia alimfuta Zlatina pua kwa leso yake mwenyewe, bila upole wowote, kama anavyosugua sufuria. Kisha akafumba macho yake, akayafumbua, akamwelekeza kidole. Zlatina aliielewa ishara ile. Hana kitu kabisa.

"Mwambie, Ivelina," Obdulia akasema. "Mwambie mimi sikukasirikia karata mbovu. Karata mbovu wanapata wote. Lakini akifumba macho, mimi mwenzake najua niingie vipi kumsaidia. Akisema anayo, namwachia mzigo abebe peke yake, nageuka kutazama upande mwingine. Ndivyo alivyomfanya mwalimu. Ndivyo alivyokufanya wewe. Kila mtu amegeuka kwa sababu yeye kasema anayo! Sasa kwenye meza hii, asilokuwa nalo, afumbe macho na aseme: no tengo. Sina."

Zlatina alifumba macho. "No… tengo," akasema. Lilitoka kwa shida, kama jino.

"Sema tena!"

"No tengo!"

"Haya, nani anagawa?"

Msidhani kuanzia hapo mambo yalikuwa mteremko. Ndiyo kwanza mwiba ulionekana. Kila alasiri alikosea, na kila alasiri alitamani kuitia meza motoni. Alipotaka kusema "ana", alisema "una". Alipotaka "tunazo", alikwama katikati kama kondoo kwenye ua. Fermín alikuwa akimsahihisha kwa ile sauti yake ya malishoni, na watu uwanjani walisimama wakidhani wameitwa. Siku moja Zlatina aliupiga teke mguu wa meza, maharagwe yote yakamwagika, na tuliyatafuta kwa magoti, mimi na Boyan, huku Obdulia akitusimamia.

"Kwa nini halitulii?" Zlatina akalalamika. Alilalamika kwa Kihispania, na hakugundua.

"Kwa sababu linatumika sana," akajibu Obdulia. "Njia inayopitwa na kila mtu ndiyo yenye mashimo. Gawa karata."

La wakati uliopita hakuna aliyemfundisha. Lilimwingia lenyewe, maana wacheza mus hawazungumzii karata walizonazo, wanazungumzia walizokuwa nazo. "Jana nilikuwa na wafalme watatu!" Fermín analia. "Ulikuwa nao, ukawachezea vibaya," namjibu. "Tulikuwa na ushindi mkononi!" anafoka Obdulia. Tenía, tenías, teníamos, alasiri nzima. Mtoto akilisikia neno likilalamikiwa kiasi hicho, hulishika hata akiwa amelala.

Siku ya mazungumzo ilifika. Sisi hatukualikwa. Lakini chini ya dirisha la darasa kuna mwaridi, na ilitokea kwamba asubuhi hiyo sote watatu tuliona kwa pamoja kuwa unahitaji kupunguzwa matawi. Fermín alishika mkasi. Obdulia alishika ngazi. Mimi nilishika sikio.

"Zlatina, una ndugu?" tulimsikia mwalimu Begoña.

"Ninaye mmoja. Ana miaka saba. Ana meno machache."

Fermín akakata tawi kwa furaha.

"Na kule Bulgaria, mlikuwa na nini?"

"Tulikuwa na nyumba ndogo. Bibi yangu alikuwa na kuku. Mimi nilikuwa na rafiki, jina lake Desislava." Alisitasita hapa na pale, alirudi nyuma, akavuta pumzi kwa hasira. Lakini treni ilikuwa inasimama kituoni, na yeye alikuwa anapanda.

"Vizuri sana. La mwisho. Ukiwa mkubwa, utakuwa na nini?"

Obdulia akanishika mkono, kucha zikaniingia. Tulielewa sote mara moja. Utakuwa na nini! Tulikuwa tumempa ya leo na ya jana, lakini ya kesho hatukuwahi kumpa. Mezani petu nani anazungumzia atakachokuwa nacho? Wazee watatu, maharagwe na magoti mabovu! Neno hilo halijawahi kupita pale. Fermín, kwa hofu, alikata shina lote la mwaridi, na mpaka leo shule inamtafuta aliyefanya hivyo.

Nilichungulia. Zlatina alikuwa ameinamisha kichwa. Kwenye dirisha la upande wa ukumbi, Nuño na wenzake wamebandika pua kwenye kioo. Midomo ya Zlatina ilijiviringa, na nililiona lile neno la zamani likipanda, lile tengo la kuokoa aibu. Lingetosha kumpitisha sekunde moja na kumwangusha zilizofuata.

Akafumba macho.

"No tengo," akasema. "Neno hilo sina, mwalimu. Sijalipata bado. Nipe."

Mwalimu Begoña akacheka, si kicheko cha uwanjani, cha namna nyingine. Yeye ni mtoto wa hapahapa. Alikulia chini ya meza za mus. "Nani kakufundisha kufumba macho hivyo? Usiniambie, nawaona dirishani. Haya, neno ni tendré. Nitakuwa na. Utakuwa na nini, Zlatina?"

"Tendré," alirudia, akilionja. "Tendré…" Akafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu vuli niliuona uso wake ukicheka kabla ya wengine kucheka. "Nitakuwa na mbuzi!"

Hakwenda kukaa na wadogo. Boyan alisononeka siku mbili nzima, maana alishachonga penseli ya kumwazima.

Alasiri hiyo mkahawani Obdulia hakumkumbatia wala kumpongeza. Hayo si mambo yake. Alimsukumia karata azichange. "Mbuzi!" akasema. "Unataka mbuzi na pea hujapata. Lakini nikwambie kitu, na wewe Boyan toka chini ya meza usikie. Aliyesema anajua wakati hajui, hakumdanganya mwalimu, alijifungia mlango wa darasa kwa ndani. 'Sina' si aibu. Ndilo neno la kwanza la mtu anayetaka kupata. Ukishalisema kweli, atatokea wa kukupa. Usipolisema, hata mwenye kutaka kukusaidia atapita mlangoni akidhani umeshiba."

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Nuño, ameshika mkate wa moto aliotumwa na baba yake, na hana haraka ya kuondoka. Alizitazama karata, akajikuna shingo.

"Mnayo nafasi hapo?" akauliza. "Nami sijui kucheza."

Zlatina alimtazama toka juu mpaka chini, bila kuacha kuchanga karata.

"Tenemos," akasema. "Kiti tunacho. Mkia uache mlangoni."